Mpangaji wa Ukutani

Chiriku hakuzaliwa na jina hilo. Alilipata kwenye duka la viatu alikofanya kazi tangu amalize shule, kwa sababu mteja aliyeingia kutafuta kandambili alisimuliwa habari za soli, za nyayo bapa na za harusi ya jirani, na mara nyingi alitoka na viatu vya ngozi mkononi bila kujua vimefikaje huko. Mwenye duka alikuwa akisema ndege huyu siku akinyamaza, duka nalo litafungwa. Jina likaganda. Hata mumewe, ambaye alimposa akiwa kavaa kiatu kimoja na kingine bado kiko mikononi mwa Chiriku, hakuwahi kumwita vinginevyo.

Kilichomtoa dukani ni hiyo hiyo miguu. Kutwa alishika miguu ya watu: visigino vilivyopasuka, vidole vilivyopandana, vifundo vilivyovimba, na akaanza kujiuliza humo ndani kuna nini. Halafu fundi saa mmoja, mteja wa siku nyingi aliyekuwa akija kwa magongo, akaingia siku moja anatembea kwa miguu yake. Akasema ni kazi ya binti mmoja wa fiziotherapia hospitalini. "Kanifundisha kutembea kama mtoto mdogo," alisema, "na mimi nina wajukuu." Neno fiziotherapia likamkaa Chiriku kichwani kama wimbo wa redio. Aliliimba akipanga maboksi, akaliimba akifagia, mpaka akaomba nafasi chuo cha afya na akaipata. Mwenye duka alimuaga kwa viatu vyeupe vya kamba na kumwambia asionekane tena pale ila kwa kununua.

Chuoni, somo la kwanza lilikuwa anatomia, na mwalimu wa anatomia alikuwa mama mfupi mwenye visigino virefu. Wanafunzi walimwita Madamu Kisogo, kwa kuwa alifundisha kageukia ubaoni na bado aliona nani nyuma yake anachezea simu. Siku ile ya kwanza alieleza jinsi ya kusoma picha za mwili. Chiriku hakusikia hata nusu. Alikuwa anamweleza jirani yake wa dawati kwamba viatu alivyovaa vitamuumiza dole gumba kabla ya muhula kwisha.

Kitabu chenyewe cha picha, atlasi ya anatomia, kilikuwa kikubwa kama sinia na kizito kama mtoto aliyeshiba. Nakala zilikuwa chache, wanafunzi tele, na maktaba iliruhusu mtu aende nacho nyumbani mwisho wa juma tu, Jumatatu asubuhi kirudi. Zamu ya Chiriku ilipofika, alikibeba kifuani njia nzima, akakitua juu ya meza ya chakula na kukifungua katikati.

Mumewe alikuwa mchora mabango. Maduka, saluni, gereji, shule za chekechea, nusu ya maandishi ya mtaa ule yalitoka kwenye brashi yake. Alikuwa mtu mpole, mwenye rangi chini ya kucha, na sifa yake kubwa ni kwamba kazi yake haikuwa na makosa. Mwenye bucha aliwahi kumpa kikaratasi kimeandikwa NYAMA YA MBUZI NA NGOME. Hakumuuliza wala hakumcheka. Alikwenda akaandika NG'OMBE, na mwenye bucha hajajua mpaka leo. Alikuwa akisema kumrekebisha mtu kimya kimya ni adabu.

Sasa akasimama nyuma ya mkewe na kuinamia atlasi.

"Nani kachora hiki?"

"Sijui. Wataalamu."

"Tazama huo wekundu," akasema kwa sauti ya mtu aliyeonjeshwa asali. "Hauko sare. Huku umekolea, huku umepauka, mpaka unaona nyuzi. Na haya mabuluu ni nini?"

"Vena. Hizo nyekundu ni ateri. Na hizi za manjano hapa ni neva."

"Kwa hiyo ndani tumepakwa rangi sote, na mimi nahangaika na kuta za watu."

Wakageuza kurasa pamoja, bega kwa bega, chai ikipoa. Walipofika kwenye picha ya mtu mzima aliyesimama mikono wazi, wakaacha kugeuza. Mikono na miguu yake ilikuwa imevuliwa ngozi, misuli nje. Kifua na tumbo vilikuwa vimefunguliwa kama kabati, na kila kitu humo kimepangwa: mapafu, moyo, ini, tumbo, wengu umejificha pembeni, na utumbo umekunjwa kwa ustadi ambao Chiriku hajawahi kuupata hata kwenye kukunja mashuka.

"Jumatatu kinarudi," akasema kwa huzuni.

Mumewe akautazama ukuta wa sebuleni. Ulikuwa mweupe, mrefu, hauna kitu ila kalenda. Akamtazama mkewe. Chiriku akainuka akaitoa kalenda.

Jumamosi ile ilikuwa ya raha ambayo Chiriku aliisimulia miaka baadaye bila kuchoka. Walisogeza makochi, wakatandaza magazeti, wakafungua makopo. Mumewe aligawa picha kwa mistari ya miraba kama afanyavyo kwenye mabango makubwa, akaipandisha ukutani kwa urefu wa mtu halisi. Chiriku alisoma majina kwa sauti, naye anayaandika. Msuli mmoja wa paja, mwembamba, unaokatiza kutoka nyonga mpaka chini ya goti, uliitwa kwa Kilatini jina la fundi cherehani, kwa kuwa ndio unaomsaidia fundi kukunja mguu akakaa kitako kazini. Mumewe akaweka brashi chini, akakaa hivyo hivyo sakafuni, akajishika paja kuuhisi. Wa nyuma ya muundi, jina lake la Kigiriki lilikuwa na maana ya tumbo la mguu.

"Tumbo?" Mumewe akacheka. "Sisi tunaita shavu la mguu."

"Kumbe kila watu na mguu wao."

"Afadhali shavu. Tumbo la mguu litadai chakula."

Walicheka mpaka rangi nyekundu ikamdondokea Chiriku puani, na hilo nalo likawa la kucheka. Kufika jioni mtu alikuwa kasimama ukutani, kakamilika, anang'aa kwa ubichi. Yamebaki maneno mawili tu ya juu, moja kila upande wa kichwa. Chiriku alikuwa jikoni anajisugua pua kwa mafuta ya taa. Mumewe akatazama kitabu, akakunja uso. Upande wa mkono wake wa kushoto kitabu kimeandikwa KULIA. Upande wa mkono wa kulia kimeandikwa KUSHOTO. Akatikisa kichwa kwa huruma. Kitabu kizuri hivi, na bado mchapaji kalala. Akachukua brashi nyembamba, akayaandika maneno mahali alipoona yanastahili, na kama ilivyo kawaida yake hakumwambia mtu.

Mama mkwe alifika Jumapili. Bega lilikuwa linamsumbua, akaja kukaa nao ili ahudhurie hospitali. Alikuwa mama wa maneno machache na macho mengi. Akaingia, akatua mkoba, akanyanyua kichwa.

"Nyie."

"Naam, Mama," wakaitika wote wawili kutoka jikoni.

"Kuna mtu hapa hana ngozi."

Chiriku akaja mbio akijifuta mikono. "Huyo ni wa masomo, Mama. Shikamoo. Ni picha tu. Ndivyo tulivyo sote kwa ndani."

"Marahaba." Mama mkwe akautazama mkono wake mwenyewe, akaugeuza mbele na nyuma. "Mimi siko hivi."

"Uko hivyo, Mama," mwanawe akasema.

"Wewe nimekuzaa, ningejua."

Siku ya kwanza alikula kampa mtu yule mgongo. Siku ya pili alimfunika kwa shuka wakati wa chakula, akisema si vizuri kula mbele ya mtu ambaye utumbo wake uko nje na hajakaribishwa. Baada ya hapo akamzoea, akampa jina la Mpangaji, kwa kuwa anakaa ndani na kodi halipi, na asubuhi alimsalimia akipita kwenda kunawa. Chiriku naye akawa anasomea hapo hapo, mwiko mkononi kama fimbo ya mwalimu, akigonga kiungo na kutaja jina na upande wake. Ini, kushoto. Tumbo, kulia. Wengu, kulia kabisa, chini ya mbavu. Kidole tumbo, chini kushoto. Aliyasema akipika, aliyasema akipiga pasi, na mama mkwe kwenye kochi akaanza kuitikia kama kiitikio cha wimbo.

"Moyo nimeuona," mama mkwe akasema siku moja. "Ini nimeliona. Nyongo ile pale. Roho iko wapi?"

Chiriku akapandisha mwiko, akaushusha. "Roho haikuchorwa, Mama."

"Basi kitabu hakijaisha." Akaweka kiganja kifuani. "Na kingine, mwanangu. Moyo wangu unadunda huku kushoto. Wa Mpangaji, kwa hayo maneno ya juu, unaelekea kulia."

Hapo Chiriku angeweza kuokoka. Lakini mwanafunzi wa mwezi wa kwanza hana swali asilokuwa na jibu lake. "Mama, hilo ni kosa la watu wengi," akasema kwa upole wa kitaalamu. "Madamu kasema moyo uko karibu katikati. Sisi tumezoea tu kusema uko kushoto."

Mama mkwe akaacha kiganja pale pale, kama anayesikiliza redio ya nyumba ya pili. "Katikati sawa," akasema. "Lakini huu wangu umeegemea."

Mambo yakaharibika siku ya vitendo. Madamu Kisogo alikuja darasani na aproni nyeupe na mfuko wa viungo vilivyoshonwa kwa vitambaa vya rangi, kila kimoja kina gundi ya kunasa kwa nyuma. Kila kundi litoe mtu mmoja, avae aproni, ajibandike viungo vyake mwenyewe mahali pake. Kabla hajamaliza kueleza, Chiriku alikuwa keshavaa.

Alibandika kama anayepanga viatu kwenye rafu. Wenzake wa makundi mengine walikuwa bado wanajadiliana kongosho linaangalia wapi, yeye keshafika kwenye kidole tumbo. Akapiga kofi la mwisho juu ya wengu, akageuka kuwaelekea wenzake, mikono kaifungua kama mwanamitindo mwisho wa jukwaa.

Mtu wa nyuma akapumua kwa pua, na kicheko kikaanza kutambaa dawati kwa dawati.

Madamu Kisogo akaja taratibu, visigino vikigonga sakafu. Akamzunguka Chiriku mara moja. Akagusa ini lililokaa upande wa kushoto, akagusa tumbo lililokaa upande wa kulia, akatazama ncha ya moyo ilikoelekea.

"Nisikilizeni," akaliambia darasa, bila tabasamu hata la dawa. "Kuna watu wachache sana duniani wanaozaliwa hivi. Kila kitu kimegeuka, kama kwenye kioo. Wanaishi vizuri tu." Akamgeukia Chiriku. "Mwanangu, ulishawahi kupimwa?"

"Hapana, Madamu. Kwani nina nini?"

"Ini lako liko kushoto."

"Si ndiko linakokaa?"

"Nani kakwambia?"

"Mpangaji," Chiriku akasema, na alipojaribu kueleza Mpangaji ni nani, ukuta wa sebuleni, mume, makopo ya rangi, mama mkwe na shuka, darasa lilishindwa kabisa kujizuia. Kijana mmoja alilaza kichwa kwenye dawati akawa anapiga meza kwa ngumi. Chiriku mwenyewe alianza kucheka katikati ya maelezo, kwanza kwa aibu, halafu kwa dhati, viungo vikimdondoka kimoja kimoja, mpaka akabaki na figo moja tu kiunoni. Madamu Kisogo alingoja. Akainua kidole.

"Kulia katika anatomia ni kulia kwa nani?"

Jirani wa dawati, yule wa viatu vya kubana, akajibu polepole, maana yeye alilazimika kuazima maelezo ya siku ile: "Kwa mgonjwa, Madamu. Siyo kwa anayemtazama."

"Nilisema siku ya kwanza kabisa," akasema Madamu Kisogo, akimtazama Chiriku. "Mtu fulani alikuwa anauza viatu."

Chiriku alirudi nyumbani nusu anatembea, nusu anakimbia. Mumewe alikuwa nje ya nyumba anaosha brashi.

"Mume wangu. Yale maneno ya juu uliyanakili kama yalivyo?"

Akanyoosha mgongo kwa fahari ndogo. "La. Niliyarekebisha. Wenyewe walikosea."

"Simama hapa. Nitazame. Nyanyua mkono wa kulia."

Akaunyanyua, brashi inadondosha maji. Chiriku akanyanyua wa kwake. Mikono ikasimama, mmoja upande huu, mwingine upande ule. Mumewe akautazama wake, akautazama wa mkewe, akaurudia wake. Wakabaki hivyo kama askari wawili waliosahau amri. Mama mkwe akatokea mlangoni.

"Mnaapa nini?"

"Mama," mwanawe akasema, "nimemgeuza Mpangaji."

"Nilisema moyo umeegemea," akasema mama mkwe.

Chiriku akaketi chini kwenye ngazi kwa kucheka. Mumewe aliomba radhi, akacheka, akaomba radhi tena, akasema amerekebisha mabango ya watu miaka yote na sasa hajui ni mangapi kayaharibu, na hilo likawamaliza kabisa. Walipopata pumzi akaingia ndani na kopo la nyeupe, akayafuta maneno mawili na kuyaandika upya, safari hii kama kitabu kilivyosema.

Ukuta ulinyooka ndani ya dakika chache. Kichwa cha Chiriku hakikunyooka kwa urahisi hivyo, maana kila kitu kilikuwa kimeshaingia kinyume na kimekaa kitako. Akisema ini, mkono unakimbilia kushoto wenyewe. Dawa ilitoka kwa mama mkwe, ambaye alichoka kusikia mtu anajigombeza. "Acha kumtazama," akasema. "Nenda ukasimame kama yeye."

Basi Chiriku akauegemea ukuta, mgongo wake kwenye tumbo la Mpangaji, kisogo kwenye kidevu, mikono juu ya mikono iliyochorwa. Sasa kulia kwake na kulia kwa Mpangaji kulikuwa kulia kumoja. Mumewe akikaa kwenye kochi anataja, yeye anajishika. Ini. Wengu. Nyongo. Mama mkwe akasema haiwezekani mtu mmoja afaidi peke yake, akaenda akasimama pembeni, akajishika naye. Mwishowe mumewe pia akaacha kochi. Mgeni yeyote ambaye angechungulia wakati huo angewakuta watu wazima watatu wamejipanga ukutani, wanajipapasa mbavu na kuulizana kama wengu umepatikana.

Mtihani wa vitendo ulikuwa wa vituo, kengele ikilia unahama. Kwenye kituo cha viungo vya ndani Chiriku alifumba macho na kuegemea nyuma kidogo, juu ya hewa, na msimamizi akasogea kumdaka akidhani anazirai. Hakukosa hata kimoja. Mifupa midogo ya kiganja ndiyo iliyomtoa jasho, minane, imejazana kama kokoto, na miwili aliichanganya. Matokeo yalikuwa mazuri, ingawa si ya kutangazia mtaa. Mtaa ulitangaziwa hivyo hivyo, na mama mkwe.

Baada ya matokeo Madamu Kisogo akaja kumwona Mpangaji. Alivua visigino mlangoni, na ghafla akawa mfupi kuliko kila mtu mle ndani. Akasogea ukutani, akarudi nyuma, akasogea tena. Aliuliza ule wekundu wa misuli umechanganywaje, na mumewe Chiriku, ambaye kwa kawaida hana maneno, alieleza mpaka chai ikamwagika. Madamu aliguswa hasa na kiwambo kilicho chini ya mapafu. Akasema kwenye vitabu vingi kinaonekana kama kitambaa kilichosahaulika, hapa kinaonekana kinapumua.

Mama mkwe akaona ndiyo nafasi yake. "Mwalimu, bega langu hili. Hospitali wamelipiga picha, wamesema mfupa mzima, niwe nalifanyisha mazoezi. Mazoezi yenyewe siyaelewi."

"Mimi ni mgeni, Mama," akasema Madamu, akipuliza chai. "Mwenye nyumba yupo."

Chiriku akaganda. Kwa mara ya kwanza tangu ajuane na watu wale, alinyamaza. Akasogea nyuma ya kochi, akaweka vidole juu ya bega la mama mkwe, akafuata ukingo wa mfupa kutoka mtulinga kwenda nyuma, na chini ya ngozi, mahali alipopangojea, msuli ukamjibu. Ulikuwa mgumu kama kamba iliyolowa. Ulikuwa na joto. Hakuna kopo la rangi lililowahi kumwambia kwamba utakuwa na joto.

"Hapo," mama mkwe akasema.

"Najua, Mama," akasema Chiriku, na kweli alijua. Akamshika kiwiko, akamsimamisha mbele ya Mpangaji, akamwelekeza aupandishe mkono taratibu ukutani, vidole vikitembea kama buibui, mpaka panapouma kidogo, ashushe, arudie. Madamu Kisogo alisahihisha kitu kimoja tu, akimwambia asimwache mgonjwa ainue bega lote kwa pamoja. Mama mkwe alitembeza vidole juu ya paja la Mpangaji, juu ya nyonga, mpaka akafika kwenye ini, akasema leo inatosha, kesho ataenda mpaka kwenye moyo.

Madamu alipokuwa anavaa visigino vyake, akageuka.

"Muhula ujao ni misuli ya mgongo," akasema. "Huyu mgongo wake uko wapi?"

Mume na mke wakatazamana. Ukuta wa pili ulikuwa mweupe vile vile, na juu yake kulikuwa na saa moja tu. Mumewe akaanza kuhesabu makopo kwa macho. Mama mkwe akatangaza kwamba mgongo utachorwa, sawa, yeye hana neno, lakini upande ambao hauelekei meza ya chakula, maana hatakubali kupewa mgongo wakati anakula. Akabishiwa. Akabisha. Madamu Kisogo, aliyekuwa ameshaaga, akavua tena kiatu kimoja ili atoe maoni yake. Chiriku tayari alikuwa juu ya kiti, anaishusha saa.